Tui la Kukuna, la Kopo, la Boksi na la Unga: Tathmini ya Miezi Sita Jikoni

Kwa muda wa miezi sita, kuanzia mwishoni mwa masika hadi vuli, nimepika vyakula vilevile vya nazi kwa tui la aina nne: la nazi iliyokunwa siku ileile, la kopo linaloagizwa kutoka Thailand, la boksi la karatasi, na la unga wa pakiti unaokorogwa kwa maji. Nimepika wali wa nazi, mbaazi, mchuzi wa samaki wenye ukwaju, kisamvu na vibibi, kisha nikajaribu jambo ambalo sikuwa nimelifanya kabla, yaani mchuzi wa kijani wa Kithai uliopikwa kwa viungo vinavyopatikana katika masoko yetu. Nilikuwa na daftari karibu na jiko, nikaandika kila nilichokiona, na tathmini hii imetokana na daftari hilo.

Nimelelewa Tanga, katika nyumba ambayo mbuzi ya kukunia nazi ilitumika kila siku, kwa hiyo sikuwahi kufikiri kwamba tui ni kitu ambacho mtu anaweza kukichagua. Nazi ilipasuliwa, ikakunwa, ikakamuliwa, na tui likapatikana. Sasa naishi Dar es Salaam, hurudi nyumbani saa moja usiku, na nazi moja katika soko la mtaani kwetu imefika shilingi 1,500. Katika mwezi wa Ramadhani nimewahi kuinunua kwa 2,000. Minazi ya pwani yetu mingi imezeeka, mingine imekufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea ambao watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kituo cha Mikocheni, wamepambana nao kwa miaka mingi, na mingine imekatwa ili kupisha viwanja. Wakati huohuo makopo ya tui yamejaa katika maduka makubwa. Nilitaka kujua kama ninaponunua kopo ninanunua kitu kilekile kwa njia rahisi, au ninanunua kitu kingine ambacho kinapaswa kupikwa kwa namna nyingine. Leo naamini kwamba ni kitu kingine, na kwamba wengi wetu tunaolilaumu tui la kopo tumelipika kama tunavyopika tui la kukuna.

Sitataja majina ya kampuni, kwa sababu niligundua mapema kwamba kampuni moja huweza kuuza makopo mawili yenye sura inayofanana na vitu tofauti kabisa ndani yake. Maandishi madogo ya nyuma ya kopo yanamfaa mnunuzi kuliko jina kubwa la mbele.

Nianze na tui la kukuna, kwani ndilo kipimo cha mengine yote. Nazi nzuri ni nzito mkononi, maji yake husikika ikitikiswa, na macho yake matatu ni makavu, hayana ukungu wala unyevu. Wauzaji wengi sokoni siku hizi wana mashine ya umeme ya kukunia, na kwa mtu anayetoka kazini huduma hiyo ni msaada mkubwa, kwa kuwa nazi mbili hukunwa kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Hata hivyo nimeona kasoro mbili. Mashine huchimba mpaka kwenye ngozi ya kahawia inayoshika nyama ya nazi, na tui linalotoka huwa na rangi ya kijivu kidogo na uchungu wa mbali ambao katika mchuzi haujulikani, lakini katika vibibi unajulikana mara moja. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: machicha ya wateja waliotangulia yakibaki kwenye meno ya mashine huanza kuchacha, na joto la Dar es Salaam halisubiri. Mara mbili nilifika nyumbani na nazi iliyokwisha kushika uchachu. Tangu hapo humwomba muuzaji kwa adabu aisuuze mashine kabla ya kunikunia, na hakuna hata mmoja aliyekataa.

Katika kukamua, niliacha mazoea na kuanza kupima. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 24, chini ya hapo huganda. Mtu wa Tanga au Lindi hana haja ya kulijua hilo, kwani nazi yake huwa na joto hilo mchana kutwa, lakini anayepika Arusha, Mbeya au Nairobi katika mwezi wa Julai, au anayetoa nazi iliyokunwa kwenye friji, akiikamua kwa maji baridi atayaacha mafuta mengi ndani ya chicha kisha atailaumu nazi. Natumia maji ya moto kiasi ambacho mkono unaweza kuyavumilia. Nazi mbili za wastani na nusu kikombe cha maji hayo, zikikandwa kwa dakika tatu na kukamuliwa katika kifumbu au kitambaa safi, hunipa karibu mililita 250 za kasimile, yaani tui zito la kwanza. Chicha hiyohiyo ikiongezwa vikombe viwili vya maji na kukamuliwa tena hunipa nusu lita ya tui la pili. Blenda nimeijaribu pia. Inaharakisha kazi na inatoa tui jingi zaidi kutoka nazi ileile, ila inahitaji maji mengi tangu mwanzo, na hapo unapoteza kasimile, kwani tui lote linakuwa la namna moja, zito kiasi na jepesi kiasi.

Nasisitiza mgawanyo huo wa kasimile na tui la pili kwa sababu mapishi yetu ya pwani yamejengwa juu yake. Chakula huivia ndani ya tui jepesi, na kasimile huingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, ili kukipa chakula uzito na harufu. Ukipika kwa kopo moja lililomiminwa lote kwa wakati mmoja, umeshaiondoa hatua hiyo, na wali au mbaazi zitakazotoka zitakuwa na mafuta ya kutosha na harufu hafifu. Niliporudia mbaazi zilezile kwa kopo lililogawanywa, robo tatu ikiwa imezimuliwa kwa maji mwanzoni na robo ikiwa imewekwa akiba mpaka mwisho, watu wa nyumbani kwangu hawakuweza kuzitofautisha na mbaazi za nazi ya kukuna. Hilo lilinishangaza, na naona ndilo funzo la kwanza kwa yeyote anayelipa kopo nafasi jikoni mwake.

Sasa makopo yenyewe. Viwango vya kimataifa vya chakula vya Codex, katika kiwango namba 240 cha mwaka 2003, vinataka bidhaa inayoitwa tui la nazi iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, tui jepesi yasiyopungua 5, na krimu ya nazi yasiyopungua 20. Maana yake ni kwamba makopo mawili yanayoitwa tui, yote yakiwa halali kabisa, yanaweza kutofautiana mara mbili kwa mafuta. Katika makopo matatu niliyoyapima kwa kusoma lebo, la kwanza lilikuwa na gramu 17 za mafuta katika kila mililita 100, la pili gramu 11, na la tatu, lililokuwa na picha nzuri kuliko yote, gramu 6. Bei zao zilikaribiana sana. Hilo la tatu lilifaa kwa uji na kwa supu ya maboga, lakini nilipolitia katika mchuzi wa samaki lilibaki maji yenye rangi ya maziwa hata baada ya nusu saa ya moto. Aliyeonja mchuzi ule akasema tui la kopo halina ladha amesema kweli kuhusu kopo lile, na amelidhulumu lile la gramu 17.

Jambo la pili la kusoma ni viungio. Makopo mengi yana gundi ya guar, ambayo kwenye lebo huandikwa E412, au CMC, yaani E466, na mengine yana polisobeti 60, yaani E435. Kazi yake ni kuyashikanisha mafuta na maji ili kopo likifunguliwa tui liwe laini na la aina moja kutoka juu hadi chini. Baadhi ya makopo yana pia E223 au E224, ambavyo ni vihifadhi vya jamii ya salfaiti, na mtu mwenye pumu ambaye salfaiti humsumbua anapaswa kuviangalia kabla ya kununua. Yapo makopo machache ambayo orodha yake ni nazi na maji peke yake. Haya ukiyafungua utakuta krimu imepanda juu na maji yamekaa chini, na mnunuzi asiyejua hudhani kwamba yameharibika, kumbe ndiyo yanayofanana zaidi na kazi ya mkono. Nimeyaona yakirudishwa dukani kwa sababu hiyo, nami nikasikitika.

Tofauti ya makopo yenye viungio na yasiyo na viungio sikuielewa vizuri mpaka nilipojaribu mchuzi wa kijani wa Kithai, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa kuwa sehemu hii ndiyo iliyonifundisha mengi kuliko nyingine zote.

Kila mtoto aliyekua katika jiko la pwani amesikia onyo lilelile: koroga, usiache, tui lisikatike. Tui ni mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji kwa matone madogo sana, na matone hayo yamezungukwa na protini za nazi ambazo huyazuia yasiungane. Moto ukipita nyuzi 80 hivi protini huanza kuganda, matone huungana, mafuta huelea juu na punje nyeupe hubaki chini. Ukwaju na ndimu huharakisha jambo hilo, na chumvi nyingi nayo huchangia. Kwetu mchuzi uliokatika ni dalili ya mpishi aliyeondoka jikoni. Kumbe wapishi wa Thailand katika michuzi yao mingi huanza kwa kulikata tui makusudi. Huweka krimu nzito peke yake katika karai, huipika bila kuikoroga sana mpaka mafuta yatoke, kisha viungo vilivyopondwa hukaangwa ndani ya mafuta hayohayo. Hawahitaji mafuta mengine ya kupikia, na harufu ya viungo huingia katika mafuta ya nazi tangu dakika ya kwanza.

Nilijaribu kwanza kwa kopo la gramu 17, nikiamini kwamba wingi wa mafuta unatosha. Nililipika dakika 20. Likawa zito, likawa kama uji wa ngano, likaanza kushika chini ya karai, na tone la mafuta halikuonekana. Nikarudia kwa kopo jingine, hali ikawa ileile. Nilirudi kwenye lebo na kuona kwamba yote mawili yalikuwa na E435 na E466. Viungio vilivyowekwa ili tui lisikatike ndani ya kopo vilikuwa vikifanya kazi yake ndani ya karai langu pia. Siku ya Jumamosi nilikamua kasimile ya nazi mbili, nikaiweka katika karai lilelile kwa moto wa wastani, na baada ya dakika kama kumi ilianza kutoa vitundu vidogo pembeni, sauti yake ikabadilika kutoka kutokota hadi kukaanga, na mafuta meupe, maangavu, yakajitenga. Harufu iliyotoka niliijua. Ilikuwa harufu ya nyumba ya bibi siku ambazo alipika mafuta ya nazi, akiichemsha kasimile kwenye sufuria kubwa mpaka mafuta yatoke na mashapo ya rangi ya kahawia yabaki chini, ambayo sisi watoto tuliyala kwa sukari. Mbinu niliyodhani kuwa ni ngeni ilikuwa hatua ya kwanza ya kazi aliyoifanya bibi maisha yake yote. Tofauti ni kwamba Wathai husimama katikati ya njia na kutia viungo.

Viungo vyenyewe nilivipata bila kwenda duka lolote la vyakula vya nje. Mchaichai ambao kwetu huishia kwenye chai, nilitumia sehemu yake nyeupe ya chini, mabua matatu, iliyokatwa nyembamba kabla ya kutwangwa, kwa sababu nyuzi zake haziliki zikibaki ndefu. Nilitia pilipili mbichi sita, punje sita za kitunguu thomu, vitunguu maji viwili vidogo, tangawizi, mizizi ya kotmiri iliyooshwa vizuri, ganda la kijani la ndimu moja bila nyama yake nyeupe, giligilani, bizari nyembamba na pilipili manga. Wathai hutia pia kamba waliochachushwa kwa chumvi na kusagwa, kitu ambacho sikukiona sokoni kwetu, nikachukua kijiko kimoja cha uduvi mkavu, nikaukaanga bila mafuta mpaka ukatoa harufu, nikautwanga na chumvi. Ladha haikuwa sawasawa na ile ya kuchachusha, lakini ule uzito wa bahari ulikuwepo, na tangu siku hiyo uduvi umepata kazi ya pili nyumbani kwangu. Majani ya mndimu yalichukua nafasi ya majani ya aina ya ndimu wanayoyatumia kule, na mwishoni, moto ukiwa umezimwa, nilitia majani ya mrehani. Sisi huufahamu mrehani katika kikuba pamoja na asumini, juu ya nguo za bibi harusi. Kuutia katika chungu kulihitaji ujasiri kidogo, na haukuniangusha, kwani unaleta utamu wa harufu ambao kotmiri peke yake haiwezi kuuleta.

Kuku aliiva ndani ya tui la pili kwa dakika 25. Nikaonja, nikaongeza ndimu na sukari kidogo. Mafuta yalielea juu yakiwa ya kijani hafifu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuyaonea aibu.

Jaribio hilo likanirudisha kwenye chakula changu mwenyewe. Mchuzi wa kamba tunaopika nyumbani huanza kwa mafuta ya alizeti, vitunguu, thomu, nyanya na bizari, kisha tui huja baadaye. Nilipouanza kwa theluthi moja ya kasimile iliyokatwa kwenye karai, nikakaanga thomu, tangawizi na bizari humo, nikatia nyanya, kisha tui la pili, na mwishoni kasimile iliyobaki bila kuiacha itokote, nilipata mchuzi wenye tabaka mbili za nazi: ile ya kukaangwa, yenye harufu kama ya korosho iliyochomwa, na ile mbichi, tamu, inayokaa juu ya ulimi. Shangazi yangu aliyekuja kututembelea kutoka Pangani alikula, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umetia mafuta ya nazi humu?" Nilimweleza nilivyofanya, naye akasema kwamba zamani, mafuta ya dukani yalipokosekana, mama yake alikuwa akianza mchuzi namna hiyohiyo. Nimeandika maneno yake kwa sababu yalinipa furaha kubwa kuliko sifa ya chakula.

Kwa hiyo kwa mapishi ya kulikata tui, kopo lenye viungio halifai kabisa, na kopo la nazi na maji peke yake linafaa iwapo utalilaza kwenye friji usiku mmoja, ukachota krimu iliyoganda juu na kuiacha ile iliyobaki kwa matumizi ya baadaye. Lakini haki inanilazimu kusema upande wa pili. Mchuzi wa samaki wenye ukwaju, ambao kwa tui la kukuna unadai mpishi asimame juu yake dakika zote za mwisho, kwa kopo lenye viungio haukukatika hata nilipoongeza ukwaju mapema na kuuacha moto ukipanda. Mtu anayejifunza kupika, au mwenye watoto wadogo wanaomwita kila dakika, atapata mchuzi laini bila hofu, nami nampendekezea kopo hilo kwa chakula hicho bila kusita. Ladha yake ina ule upikwaji wa kiwandani, kwani makopo husindikwa kwa joto kali linalozidi la maji yanayochemka, lakini ukwaju, bizari na samaki mwenyewe huufunika.

Wali wa nazi hauufuniki. Hapa nilijaribu mara saba na matokeo hayakubadilika: wali wa kopo ni mzuri ukiwa wa moto, ukipoa unabaki na harufu nzito isiyo ya nazi mbichi, na ukoko wake hauna utamu ule. Vibibi vilikuwa na matatizo zaidi, kwa sababu mchele uliolowekwa na kusagwa pamoja na tui la kopo lenye gundi ulitoa donge lililovutika, hamira ikapata taabu kulipandisha, na vibibi vikawa vizito katikati. Kwa vyakula hivi viwili sitatumia tena kitu chochote isipokuwa nazi iliyokunwa siku hiyo. Kisamvu chenye karanga kilikubali kila aina ya tui niliyokipa, na sina la kuongeza.

Tui la boksi halinihitaji maneno mengi. Husindikwa kwa joto la juu sana kwa sekunde chache tu, kwa hiyo ladha yake iko karibu kidogo na ya nazi mbichi kuliko la kopo, na nililolinunua lilikuwa na asilimia 14 ya mafuta na gundi ya guar pekee. Boksi dogo la mililita 200 linatosha chungu cha mbaazi cha watu wanne. Bei yake kwa kila mililita ni ya juu kuliko kopo, na likifunguliwa linapaswa kumalizwa ndani ya siku mbili au tatu katika friji.

Tui la unga lina faida ya wazi kwa mwanafunzi wa bweni, msafiri, na mtu anayeishi mbali na pwani, kwani pakiti ya gramu 50 inakaa mfukoni na haiharibiki kwa joto. Lisitiwe moja kwa moja kwenye chungu, litafanya madonge. Likorogwe kwanza kwa maji ya uvuguvugu kidogokidogo. Katika chai ya tangawizi, katika uji, na katika unga wa mahamri lilifanya vizuri sana, na katika mahamri nililipenda hata kuliko tui la maji, kwa sababu liliniwezesha kuongeza ladha ya nazi bila kulegeza unga. Katika mchuzi lilikuwa tamu kupita kiasi. Lebo ilieleza sababu: mbali na nazi kulikuwa na maltodekstrini, ambayo ni wanga uliovunjwavunjwa, na kaseineti ya sodiamu. Hii ya mwisho hutokana na maziwa ya ng'ombe. Mtu anayeyakwepa maziwa, na ambaye amechagua tui la nazi kwa sababu hiyohiyo, anaweza kuyala bila kujua, na naona hilo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti badala ya kufichwa nyuma.

Kuhusu gharama, hesabu ya jikoni kwangu ni hii. Nazi mbili kwa shilingi 3,000 zilifanya kazi iliyofanywa na kopo moja la mililita 400 la gramu 17, ambalo nililinunua kwa 5,500. Kopo linanirudishia takriban dakika 30 za kuvunja, kukuna, kukamua na kuosha vyombo, na siku ya kazi dakika hizo zina thamani kwangu. Nazi ya kukunwa na mashine hupunguza muda huo hadi dakika kumi hivi na kuongeza shilingi chache tu, na kama una muuzaji unayemwamini usafi wake, ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote.

Njia ya kuhifadhi niliyoifikia baada ya kukosea ni kugandisha nazi iliyokunwa badala ya kugandisha tui. Tui lililogandishwa hutengana likiyeyuka, ingawa kwa kukatwa kwenye karai halina neno. Nazi iliyokunwa, ikifungwa katika mifuko ya gramu 200 iliyobanwa hewa yote ikatoka, imekaa kwenye friza yangu wiki sita bila kubadilika harufu. Huitoa asubuhi, huimwagia maji ya moto jioni, na hukamua kama kawaida. Hununua nazi nne kila Jumamosi, mbili za siku hiyo na mbili za friza. Rafuni kuna makopo mawili ya gramu 17 kwa ajili ya mchuzi wa ukwaju, na pakiti za unga kwa mahamri ya Ijumaa.

Ninachokitafuta ambacho bado sijakipata katika masoko ninayoyafikia ni mtu anayeuza kasimile iliyokamuliwa alfajiri, ikiwa imewekwa kwenye chupa ndogo ndani ya barafu, bila kiungio chochote, ya kutumiwa siku hiyohiyo. Mashine za kukunia zipo, barafu ipo, na wanunuzi wanaorudi nyumbani usiku tupo wengi. Mama mmoja ninayenunua nazi kwake ameniambia atajaribu akipata jokofu, nami nimemwahidi kuwa mteja wake wa kwanza, chupa mbili kila Jumatano.